Sauti Iliyomsafisha Jambazi: In Old Arizona na Kuzaliwa Upya kwa Cisco Kid

Mwaka 1928 ulipokaribia kwisha, wengi huko Hollywood walikuwa wamekwisha kuziandikia filamu za kaboi cheti cha kifo. Kilichoziua, kwa hesabu zao, kilikuwa sauti. Tarehe 6 Oktoba 1927 kampuni ya Warner Bros. ilionesha The Jazz Singer jijini New York, na watu wakamsikia Al Jolson akiimba na kusema kutoka kwenye skrini. Julai 1928 kampuni hiyohiyo ikatoa Lights of New York, filamu ndefu ya kwanza ambayo wahusika wake wanasema tangu mwanzo hadi mwisho. Watazamaji wakaanza kuzipa kisogo filamu bubu.

Tabu ni kwamba sauti hiyo ilikuwa mfungwa wa chumba. Kamera za siku zile zilinguruma, kwa hiyo zilifungiwa pamoja na mpigapicha ndani ya kibanda chenye dirisha la kioo. Maikrofoni zilinasa kila mkwaruzo, na waigizaji walilazimika kusimama karibu nazo bila kusogea. Kaboi naye ni mtu wa mwendo. Ukimwondolea farasi, vumbi na jangwa lisilo na mwisho, humwachii kitu. Kampuni ya Fox, ambayo ilijitajirisha kwa miaka mingi kupitia filamu za Tom Mix, iliachana na nyota huyo mwaka huohuo wa 1928.

Filamu iliyoyapindua mahesabu hayo iliitwa In Old Arizona. Ilitolewa na Fox yenyewe, ikaoneshwa kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles siku za Krismasi ya 1928, kisha ikasambazwa nchini Marekani Januari 1929. Wanahistoria wa sinema huitaja kwa jambo moja: ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya kampuni kubwa ambayo ni ya kusemwa yote na iliyopigwa kwa sehemu kubwa nje, chini ya jua. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini liko jambo la pili, na katika makala haya nalipa uzito mkubwa zaidi. Sauti ileile iliyowafikisha mafundi jangwani ilimchukua muuaji asiye na chembe ya huruma, mtu wa hadithi fupi ya mwaka 1907, ikamgeuza kuwa stelingi wa kupendwa. Usafi huo aliopewa ulikuwa na gharama, na waliolipa gharama hiyo walikuwa wengine.

Muuaji wa O. Henry

Cisco Kid alizaliwa kwenye karatasi. Aliyemwandika ni William Sydney Porter, ambaye dunia inamjua kwa jina la O. Henry. Porter alizaliwa mwaka 1862 huko Greensboro, North Carolina, akahamia Texas mwaka 1882 na kukaa kwa muda kwenye shamba la kondoo katika wilaya ya La Salle, nchi ya vichaka vya miiba na mito inayokauka. Baadaye alikuwa karani wa benki mjini Austin, na huko ndiko matatizo yalikoanzia. Alishtakiwa kwa ubadhirifu wa fedha za benki, akatorokea Honduras mwaka 1896, akarudi mwaka uliofuata kwa sababu mkewe alikuwa mahututi. Mwaka 1898 alihukumiwa na kupelekwa katika gereza la Columbus, Ohio, ambako alikaa hadi 1901. Mwandishi huyu hakuhitaji kusimuliwa maana ya kuwa mtoro au mfungwa.

Hadithi yake “The Caballero’s Way” ilitoka mwaka 1907. Kid wa humo si mtu wa kumtamani. Ana miaka 25, jina lake halisi ni Goodall, jina la Kiingereza kabisa, na miongoni mwa watu aliowaua Wamexico ni wengi. Anaua kwa sababu ana hasira za haraka, anaua ili asikamatwe, na wakati mwingine anaua kwa kujifurahisha tu. Ana msichana, Tonia Perez, anayeishi katika kibanda karibu na Mto Frio. Luteni Sandridge wa kikosi cha Texas Rangers anafika kumsaka Kid, anakutana na Tonia, na hao wawili wanapendana. Kid anajificha na kuyasikia yote. Hafyatui risasi. Anatunga barua ya uongo kana kwamba imeandikwa na Tonia, ikimwarifu luteni kwamba Kid atatoroka akiwa amevaa nguo za mwanamke. Luteni anavizia gizani, anaona vazi, anapiga. Anayeanguka ni Tonia mwenyewe.

Ipo habari moja ndogo humo ambayo msomaji wa leo asiipite. O. Henry anasema Kid alikuwa akijua wimbo mmoja tu, na sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya kama ya mnyama mgonjwa wa kifua. Mwandishi alimnyima muuaji wake sauti nzuri kwa makusudi. Msomaji hakupewa mlango wa kumpendea.

Porter alifariki mwaka 1910. Hadithi yake ilifanywa filamu bubu mwaka 1914, na kama isingekuwa ujio wa sauti, huenda Kid angebaki kuwa jina la pembeni katika mkusanyo wa hadithi za Texas.

Lori la habari

Wakati huo zilikuwapo njia mbili kuu za kuunganisha picha na sauti. Warner Bros. walitumia Vitaphone, ambapo sauti ilirekodiwa kwenye santuri ya upana wa inchi 16, na santuri ikazungushwa sambamba na projekta. Mkanda ukikatika na kuungwa upya, midomo na maneno vilipishana, na ukumbi mzima ukacheka mahali pa kulia.

Fox walichukua njia nyingine, kazi ya Theodore Case na msaidizi wake Earl Sponable, waliofanya majaribio yao huko Auburn, jimboni New York. Iliitwa Movietone. Maikrofoni iligeuza sauti kuwa umeme, umeme ukapandisha na kushusha mwanga wa taa ndogo, na mwanga huo ukachora mistari myembamba pembeni mwa mkanda uleule wa picha. Ukumbini, taa ya projekta ilipenya mistari hiyo, ikageuzwa tena kuwa umeme, na spika ikaitoa kama sauti. Kwa kuwa vyote vilikaa kwenye mkanda mmoja, hakuna kilichoweza kumtangulia mwenzake.

Faida kubwa zaidi ilikuwa kwamba vifaa vya Movietone viliweza kupakiwa kwenye lori. Asubuhi ya tarehe 20 Mei 1927 wapigapicha wa Fox walikuwa katika uwanja wa Roosevelt Field, Long Island, wakanasa picha na mngurumo wa ndege ya Charles Lindbergh ikipaa kwenda Paris, na usiku huohuo watu wa New York wakaiona na kuisikia kwenye ukumbi wa Roxy. Filamu za habari za Fox zikawa zinaleta ukumbini gwaride, hotuba na kelele za bandarini.

Mwongozaji Raoul Walsh ndiye aliyeziona filamu hizo na kupata wazo lake. Alizaliwa New York mwaka 1887, na alikuwa amefanya kila kazi ya sinema: mwaka 1914 alishiriki katika filamu kuhusu maisha ya Jenerali Pancho Villa, na mwaka 1915 aliigiza kama muuaji wa Rais Lincoln katika The Birth of a Nation. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliposikia sauti za nje katika filamu ya habari alimwendea Winfield Sheehan, mkuu wa utengenezaji wa filamu wa Fox, akamwambia kwamba kama lori linaweza kunasa kelele za barabarani linaweza pia kunasa kwato za farasi. Akaruhusiwa kujaribu. Akachagua hadithi ya O. Henry, na akajipangia kazi mbili: kuongoza na kuwa Cisco Kid mwenyewe.

Sungura wa Utah

Kazi ilianza katika nchi ya miamba myekundu ya Utah, kwenye mabonde ya Zion na Bryce Canyon, na sehemu nyingine zilipigwa katika Jangwa la Mojave na kwenye misheni za kale za Kihispania huko California. Usiku mmoja Walsh alikuwa akisafirishwa kwa gari huko Utah. Sungura mkubwa wa jangwani alirukia mbele ya taa, akapasua kioo cha mbele, na vipande vikamwingia Walsh machoni. Akapoteza jicho la kulia. Tangu hapo hadi mwisho wa maisha yake alionekana akiwa na kitambaa cheusi juu ya jicho, na hakuigiza tena.

Fox wakamkabidhi kazi Irving Cummings, na majina ya waongozaji wote wawili yakabaki kwenye filamu. Nafasi ya Kid ikaenda kwa Warner Baxter, mwigizaji aliyekuwa na umri wa karibu miaka 40 na ambaye filamu bubu hazikumpa makuu. Sadfa iliyopo ni kwamba Baxter alizaliwa Columbus, Ohio, mji uleule ambao miaka michache baadaye ulimfungia O. Henry gerezani. Edmund Lowe akachukua nafasi ya mpelelezi, ambaye sasa alifanywa Sajini Mickey Dunn wa jeshi la farasi, mtoto wa Brooklyn mwenye domo la mjini. Dorothy Burgess, aliyetoka jukwaani na hii ikiwa filamu yake ya kwanza, akawa Tonia Maria. Mpigapicha alikuwa Arthur Edeson, ambaye baadaye angepiga Frankenstein na Casablanca.

Hadithi nayo ikahamishwa kutoka Texas kwenda Arizona, nchi ambayo hadi mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 ilikuwa ya Mexico kwa sehemu kubwa, na ambayo ilikuwa imepata hadhi ya kuwa jimbo mwaka 1912 tu. Yaani watazamaji wengi wa 1929 walikuwa wamezaliwa kabla Arizona haijawa jimbo.

Kilichosikika

Mtu akiitazama leo, In Old Arizona inakwenda polepole. Watu wanasimama na kuongea kwa muda mrefu, kwa sababu maongezi yenyewe yalikuwa maajabu ya kulipia tiketi. Lakini katikati ya maongezi, dunia inasikika. Kwato zinapiga ardhi na kufifia farasi anapokwenda mbali. Kengele za kanisa zinalia. Nyama ya nguruwe inakaangwa, na mafuta yanachachatika kwenye kikaango. Kwa watu wa wakati ule mchachatiko huo ulikuwa gumzo kuliko bastola yoyote, maana hakuna aliyewahi kusikia chakula kikiiva ndani ya sinema.

Sauti hizo ziliipa nchi ya kaboi uhalisi mpya, na Kid ndiye aliyefaidika nao. Mwandishi Tom Barry alimpa utani, ubembelezi na maringo. Watunzi DeSylva, Brown na Henderson, mafundi wa nyimbo za Broadway, waliitungia filamu wimbo wa mapenzi, “My Tonia”. Muuaji aliyepewa na O. Henry wimbo mmoja mbovu sasa alizungukwa na muziki mtamu. Anaposimamisha gari la farasi la abiria, anachukua sanduku la fedha za kampuni na kuwaacha abiria na mali zao. Anapokutana na Sajini Dunn kwa kinyozi, wanapiga soga kama marafiki, na sajini hajui kwamba mtu anayecheka naye ndiye anayemsaka. Ukumbi mzima unajua. Hapo mtazamaji amekwisha kuwa mshirika wa jambazi: anashikilia siri yake na anaogopa isifichuke.

Filamu bubu ingeweza kumwonesha Kid akitabasamu. Isingeweza kumpa dakika kadhaa za maneno ambamo anamzidi sajini akili kwa ulimi. Waswahili husema mwamba ngoma huivutia kwake, na aliyepewa ulimi mrefu katika filamu hii alikuwa jambazi.

Tazama basi kinachotokea mwishoni. Mtego wa O. Henry umebaki ulivyo: barua ya uongo, giza, nguo za mwanamke, risasi ya sajini, Tonia chini. Kid anatoa mzaha mmoja na kupanda farasi wake, akaenda zake bila kuguswa. Kitendo ni kilekile ambacho mwaka 1907 kilimtambulisha kama mtu wa kutisha. Mwaka 1929 kinapita kama ujanja wa mtu aliyesalitiwa. Ili kipite, ilibidi Tonia abadilishwe. Katika hadithi alikuwa msichana aliyempenda mtu mwingine. Katika filamu anamtamani sajini na pia fedha za zawadi iliyotangazwa kwa kichwa cha Kid. Jambazi alisafishwa kwa kumpaka matope mwanamke aliyemuua.

Lafudhi ya kuazima

Tarehe 3 Aprili 1930, katika Hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, Baxter alikabidhiwa tuzo ya Academy ya mwigizaji bora wa kiume, katika sherehe ya pili ya tuzo hizo. Majaji walikuwa wameifikiria filamu hii pia kwa picha bora, uongozaji, uandishi na upigaji picha. Mwaka huo hakuna filamu iliyoondoka na zaidi ya tuzo moja, na ya In Old Arizona ilikwenda kwa sauti ya Cisco Kid, kwa maana alichokileta Baxter juu ya yote kilikuwa namna ya kusema.

Namna hiyo ilikuwa ya kuazima. Kid wa O. Henry alikuwa mzungu mwenye jina la Kiingereza. Kid wa Fox alivikwa sura ya Kimexico, akaigizwa na mtu wa Ohio kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa. Tonia pia aliigizwa na Mmarekani mweupe kwa lafudhi ya aina hiyohiyo. Serikali ya Mexico ilikuwa imechoshwa na mambo haya zamani: mwaka 1922 ilizipiga marufuku filamu za kampuni zilizowachora Wamexico kama wezi na wahuni. Katika filamu bubu ubaya huo ulionekana kwenye masharubu na visu. Sauti iliongeza dhihaka ya ulimi.

Jambazi wa Kimexico mwenye haki yake hakuwa mgeni katika nchi hizo. Huko California watu walimsimulia Joaquín Murrieta, ambaye katika visa vyao aliingia ujambazini baada ya wachimba dhahabu kumdhulumu, na ambaye askari wa jimbo waliokodiwa walitangaza kumuua mwaka 1853. Kutokana na kumbukumbu kama hizo alitokea Zorro, aliyebuniwa na Johnston McCulley mwaka 1919 na kuigizwa na Douglas Fairbanks mwaka 1920. Mwanahistoria Eric Hobsbawm baadaye aliandika juu ya majambazi wa namna hiyo, wale ambao sheria inawaita wahalifu na wanakijiji wanawaita watetezi. Cisco Kid wa 1928 alivikwa mavazi yao, lakini dhuluma iliyowafanya wawe majambazi haikutiwa ndani. Haibi kwa sababu aliporwa ardhi. Anaiba kwa sababu ni mchangamfu.

Miaka ileile ambayo ukumbi ulikuwa ukimpigia Kid makofi, mdororo wa uchumi uliishukia Marekani, na mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kimexico wakasukumwa au kushawishiwa kurudi Mexico, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa Marekani.

Walioingia mlangoni

Kwa upande wa biashara, In Old Arizona ilifungua mlango na wengi wakaingia. Novemba 1929 Paramount ikatoa The Virginian, iliyoongozwa na Victor Fleming, na Gary Cooper akaonesha kwamba kaboi mkimya naye anaweza kutawala filamu ya sauti. William Wyler akapeleka maikrofoni jangwani kwa ajili ya Hell’s Heroes, hadithi ya majambazi watatu na mtoto mchanga. Mwaka 1930 King Vidor alitengeneza Billy the Kid akiwa na Johnny Mack Brown, juu ya kijana aliyeuawa na Pat Garrett huko Fort Sumner mwaka 1881. Na Walsh mwenye jicho moja akarudi jangwani na The Big Trail, akimpa nafasi kubwa ya kwanza kijana aliyeitwa John Wayne. Mwaka 1931 Cimarron ikatoka, na ikapewa tuzo ya picha bora. Cheti cha kifo kilikuwa kimechanwa.

Kid mwenyewe aliendelea, lakini kwa masharti. Machi 1930 wakubwa wa Hollywood walikubali kanuni za maadili zinazojulikana kwa jina la Will Hays, na kuanzia Julai 1934 Joseph Breen akazisimamia kwa mkono mzito. Uhalifu ulitakiwa uadhibiwe. Mwisho kama ule wa In Old Arizona, ambapo mtu anapanga kifo cha mwanamke na kuondoka akiwa na furaha, usingepitishwa tena. Baxter alimwigiza Kid tena mwaka 1931 na 1939. Baada yake walifuata Cesar Romero, mwenye asili ya Kikuba, kisha Duncan Renaldo na Gilbert Roland, ambaye alizaliwa Ciudad Juárez nchini Mexico. Kila walipobadilishwa, ujambazi ulipungua. Redio ilimchukua Kid mwaka 1942. Televisheni ilipomwonesha kati ya 1950 na 1956, katika vipindi 156 vilivyopigwa kwa rangi, Renaldo akiwa Kid na Leo Carrillo akiwa swahiba wake Pancho, muuaji wa Mto Frio alikuwa amekwisha kuwa mtetezi wa wanyonge kwa ajili ya watoto.

Mwaka 1994 filamu ya televisheni kuhusu Cisco Kid iliongozwa na Luis Valdez, mwanzilishi wa kundi la maigizo la El Teatro Campesino lililotokana na harakati za wafanyakazi wa mashambani wa California. Jimmy Smits alikuwa Kid na Cheech Marin akawa Pancho. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kwa mhusika huyu kuongozwa na mtu wa jamii ambayo Fox iliazima lafudhi yake.

Ukitaka kupima uwezo wa sauti katika sinema, soma kwanza kurasa chache za O. Henry, kisha itazame filamu. Matukio makuu yanafanana, na kifo ni kilekile. Kilichobadilika ni nani amepewa maneno ya kujitetea. Kid amepewa utani, wimbo na neno la mwisho. Tonia naye anasema sana katika In Old Arizona, lakini karibu kila alichoandikiwa kusema ni ushahidi dhidi yake.